Magazeti ya Zamani na Haki ya Wasioandika

Gazeti likiisha kusomwa hupata kazi nyingine katika mitaa ya Kariakoo. Muuza karanga hulikunja pembe akatia karanga zake, mwenye duka la misumari hulifungia bidhaa aliyokwisha pima, na fundi cherehani hulikatia mfano wa kola kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Twayasema haya bila kunung'unika, ingawa kinachofungiwa karanga ni jasho letu sisi wahariri. Afadhali karatasi ifae mara ya pili kuliko kutupwa mtaroni.

Hata hivyo si nakala zote zilizokwisha sokoni. Chache ziliwekwa. Mtu akienda Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, au akipanda hadi maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika chumba kiitwacho East Africana, aweza kuomba magazeti yaliyochapwa kabla baba yake hajazaliwa, akayafunua ukurasa kwa ukurasa. Karatasi imegeuka rangi ya chai, na kingo zake zakatika zikiguswa kwa haraka. Wako watu wanaokwenda huko kutafuta hotuba za wakubwa. Sisi twaona ya kwamba utajiri wa kurasa zile hauko katika hotuba, maana hotuba zimekwisha pigwa chapa vitabuni. Utajiri uko pembeni, katika matangazo ya biashara, barua za wasomaji, habari za mipira na vifo, na malalamiko juu ya maji na basi.

Basi, wasomaji wapenzi, kuna swali ambalo latupasa kulitazama kwa makini, kwa sababu halihusu elimu peke yake bali lahusu haki. Je, gazeti la zamani ni shahidi wa kuaminiwa juu ya maisha ya watu wa kawaida? Na kama ni shahidi, sisi tulisomao leo tuna wajibu gani kwa wale walioandikwa humo wasipate nafasi ya kujibu?

Tuanze na lililo jepesi. Tangazo dogo la duka laweza kutufundisha mengi. Kijana wa leo akisoma ya kwamba duka fulani liko Kichwele Street, hatajua liko wapi, mpaka aambiwe kuwa ndiyo Uhuru ya sasa. New Street ni Lumumba. Acacia Avenue iligeuka Independence Avenue, kisha ikawa Samora. Akisoma habari za mpira kabla ya mwaka 1971 atakuta timu iitwayo Sunderland, naye huenda akadhani ni habari za Uingereza, kumbe ni Simba yake wa Msimbazi akicheza na Yanga. Akitazama bei, na akumbuke ya kwamba shilingi ya nchi yetu ilianza kutumika mwaka 1966, na kabla yake watu walitumia ya Afrika Mashariki. Matangazo ya sinema ya Empire, ya Avalon na ya Odeon yamwonyesha jinsi watu wa mji huu walivyotumia jioni zao, na ya kwamba picha za Kihindi zilipendwa hata na watu wasiojua neno moja la Kihindi.

Mambo kama haya hakuna aliyeyaandika ili kutufundisha sisi. Mwenye duka alitaka kuuza, na mwenye sinema alitaka kujaza viti. Marc Bloch, mwanahistoria wa Ufaransa aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1944, alifundisha ya kwamba ushahidi ulio bora mara nyingi ni ule aliouacha mtu bila kujua kwamba anashuhudia. Twakubaliana naye. Anayetaka kutuambia jambo huenda akalipamba. Anayetaka kuuza baiskeli, naye hupamba, lakini huipamba baiskeli tu, na bila kukusudia hutujulisha ya kwamba siku zile mtu wa Ilala alitamani baiskeli jinsi kijana wa leo atamanivyo bodaboda.

Barua za wasomaji ni shauri gumu zaidi. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Serikali hapa Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lilikuwa gazeti la watawala, wala halikuwa mahali pa kuwapinga. Lakini lilifungua milango kwa mashairi na kwa habari zilizoletwa kutoka miji mbalimbali. Ndipo Novemba 1937 likazaliwa Kwetu, gazeti la Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda, mwenye duka katika mji huu, ambaye miaka michache kabla yake alikuwa ameanzisha chama cha kusaidiana na cha biashara cha Waafrika. Hapo sauti ikabadilika. Mwenye duka Mwafrika alieleza jinsi ilivyo taabu kushindana na mwenye duka Mhindi, na mlipa kodi akaeleza ubaya wa nyumba na ufinyu wa mshahara. Siku za Vita Kuu ya Pili zilipofika, na chakula na nguo vikagawiwa kwa kadiri ya rangi ya mtu, malalamiko yaliongezeka, nayo yalikuwa ya haki. Makuli wa bandarini waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na tena 1947. Mtu akisoma tarehe hizo peke yake atajua kwamba kulikuwa na ghadhabu. Akisoma na malalamiko madogo yaliyotangulia, juu ya kodi ya chumba na bei ya unga, atajua ghadhabu ilitoka jikoni kwa nani.

Lakini hapa msomaji na ajihadhari. Gazeti ni nyumba ya malalamiko. Mtu ambaye unga wake umetosha na mtoto wake amepona haandiki barua kwa mhariri. Anakula, anashukuru, analala. Kwa hiyo mtu akiyajua maisha ya Kariakoo ya zamani kwa magazeti tu, atadhani ya kwamba watu wale hawakucheka. Walicheka sana. Kuna bendi za dansi zilizopiga mpaka alfajiri, kuna ngoma za harusi, kuna vijana waliosimama barazani wakitaniana kwa makabila yao, nao wote wameingia gazetini kwa mlango mmoja tu, yaani pale jirani aliposhindwa kulala akalalamika juu ya kelele. Furaha yao twaijua kwa hasira ya jirani yao.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Katika Kariakoo ya wakati wa ukoloni wengi hawakujua kusoma, na waliojua hawakuwa wote na ujasiri, au senti za stempu, au Kiswahili cha kuandikia mhariri. Waandishi wa barua walikuwa makarani, walimu, wenye maduka madogo, na watu wa misheni. Hao walikuwa watu wema wengi wao, wapenda maendeleo. Lakini walikuwa na macho ya karani. Katika magazeti ya siku zile, na katika makaratasi ya Serikali vilevile, kuna neno moja linalojitokeza mara nyingi: wahuni. Mhuni ni nani? Ni kijana aliyetoka shamba bila kazi ya kuandikwa. Analala kwa ndugu, wanne chumba kimoja. Leo anauza maji, kesho anabeba mizigo sokoni, keshokutwa hana kitu. Serikali ya Waingereza ilikuwa na sheria ya kuwakamata watu kama hao na kuwarudisha makwao, nao walirudishwa, kisha wakaja tena kwa miguu au kwa lori. Wala magazeti ya dini hayakuwa mbali na mawazo hayo, maana mapadre na walimu wengi waliuona mji kama shimo ambamo mtoto wa kijijini hutumbukia. Sauti ya karani tunayo, ya padre tunayo, ya Bwana Shauri tunayo. Sauti ya yule kijana ikwapi?

Mwaka 1983, nchi ikiwa huru na wakoloni wamekwisha kwenda zao, kukaja kampeni ya Nguvu Kazi, na vijana wa mjini wakakamatwa tena na kupelekwa mashambani. Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wafanye biashara bila kubughudhiwa. Mwezi wa Oktoba 2021 waliondolewa katika njia za Kariakoo na za miji mingine wakaelekezwa kwenye maeneo waliyotengewa. Hatusemi ya kwamba barabara iachwe izibwe hata gari la wagonjwa lisipite. Mji wahitaji utaratibu, na aliye na duka analipa kodi yake. Twasema tu ya kwamba mtu akiyaweka magazeti ya miaka hiyo yote mezani, moja juu ya jingine, atashangaa jinsi mshtakiwa alivyo yuleyule, kijana aliyesimama juani na bidhaa mkononi, na jinsi anavyozungumzwa zaidi kuliko anavyozungumza.

Sasa tulete mfano mmoja tulioupima kwa muda, nao ulitukia hapahapa Kariakoo.

Mwanzoni mwa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza ya kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 kutakuwa na operesheni ya kukomesha mavazi na mapambo yasiyopatana na utamaduni wa taifa, ndiyo Operesheni Vijana. Vilivyotajwa ni nguo fupi ziitwazo mini, nywele za bandia, mafuta ya kujichubua, na suruali za kubana. Siku ya kuanza haijafika bado. Lakini siku chache tu baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume yalijikusanya kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo, yakawa yanawavamia wanawake waliovaa nguo fupi walipokuwa wakishuka au kupanda mabasi, yakawazomea na kuwapiga, na mavazi yao yakararuliwa. Polisi wakaitwa kutuliza ghasia.

Ndipo barua zikaanza kumiminika kwa wahariri. Wakati ule mji ulikuwa na magazeti kadhaa ya kila siku. Lilikuwako Uhuru la chama, na ndugu yake wa Kiingereza The Nationalist, ambayo mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa awamu ya tatu. Lilikuwako Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, gazeti la watu wa kawaida lililopendwa vilabuni na barazani. Na lilikuwako The Standard, ambalo halijataifishwa mpaka mwaka 1970. Katika The Standard barua nyingi zilipinga operesheni. Katika magazeti ya chama sauti iliyotawala ilikuwa ya kuiunga mkono.

Waliounga mkono walisema ya kwamba taifa changa halina budi kuwa na heshima yake, na ya kwamba nguo za Ulaya ni ukoloni uliobaki mwilini baada ya bendera kushushwa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Waliopinga wakauliza: ikiwa mini ni ya kigeni, je, suti na tai vilishonwa na babu zetu? Tena wengine wakakumbusha ya kwamba wakati uleule Serikali ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache mavazi yao ya asili wavae suruali. Basi utamaduni ni upi, ule wa kufunika au ule wa asili? Mtu akisoma mabishano hayo leo, atakiri ya kwamba watu wa mwaka 1968 walifikiri kwa kina kuliko tunavyodhani sisi tunaojiona wajanja kwa kuwa tumezaliwa nyuma yao.

Lakini tazama yale ambayo barua zile zatuambia bila kukusudia. Kwanza, ya kwamba wanawake vijana walikuwa wakipanda basi peke yao asubuhi kwenda kazini, wengi wakiwa wapiga chapa na makarani maofisini, wakirudi jioni na mshahara wao mikononi. Jambo hilo lilikuwa geni kwa mji ambao mkoloni aliuona kama mahali pa wanaume wafanyao kazi za mkataba. Pili, ya kwamba kituo cha basi cha Kariakoo kilikuwa mahali ambapo binti mwenye mshahara alipitia mbele ya kijana asiye na mshahara kila siku iendayo kwa Mungu, nao wakatazamana. Hatudai ya kwamba ghasia zile zote zatokana na hilo. Watu hupigana kwa sababu nyingi, na kundi likisimama pamoja hupoteza akili. Lakini mtu hawezi kuzisoma barua hizi akadhani ya kwamba ugomvi ulikuwa juu ya inchi chache za kitambaa.

Na je, wale waliopigwa? Wako wanawake walioandika kwa mhariri, tena kwa ukali, na jambo hilo latia moyo. Wengi wao walikuwa ni wale waliojua Kiingereza kizuri na waliozoea kushika kalamu. Msichana aliyeshushwa basi akararuliwa nguo, akakimbilia duka la karibu, akapewa kanga ajistiri, akaenda nyumbani bila kumwambia baba yake kwa kuogopa kuulizwa alivaa nini, huyo hatumwoni ukurasani. Twaweza kumkisia tu. Gazeti lilisema wanawake walishambuliwa, kisha likageukia hoja za utamaduni, na hoja za utamaduni zikajaza nafasi.

Hapo ndipo twaona wajibu wa msomaji. Amri ya nane yakataza kumshuhudia mwenzetu uongo, na wengi wetu twadhani ya kwamba amri hiyo yamlinda aliye hai tu, awezaye kusimama akatukana na kukanusha. Twasema ya kwamba yamlinda hata yule ambaye jina lake halikuandikwa. Mtu akinakili leo katika kitabu au hotuba ya kwamba Kariakoo ya mwaka 1940 ilijaa wahuni, au ya kwamba wasichana wa mwaka 1968 walikuwa hawana adabu, kwa kuwa aliyasoma gazetini, huyo ameurudia ushahidi wa upande mmoja akaufanya hukumu. Hawezi kujitetea kwa kusema kwamba aliyasoma. Hakimu naye husikia mashtaka, lakini hakati shauri kabla ya kuuliza mshtakiwa yuko wapi.

Wako watakaosema: basi tusiyasome, maana yamejaa upendeleo. Hapana. Tukiyaacha, hata kule kuonekana kidogo kwa kijana yule na msichana yule kutapotea pia. Hasira ya karani ndiyo iliyotuhifadhia habari kwamba kijana aliuza maji na kulala wanne chumbani. Tusome, tuchukue kile alichokiona, tupime kile alichokihukumu.

Tena jina la mahali penyewe lafundisha. Waingereza walipoutwaa mji huu Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, yaani Carrier Corps, walipiga kambi mahali hapo, karibu na jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, na watu wakageuza jina kwa ulimi wao likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi kwa homa na kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hakuwekwa juu ya jiwe lile. Magazeti ya vita yalihesabu bunduki na miji iliyotekwa, wala hayakuwa na ukurasa wa majina ya waliobeba masanduku ya risasi hizo vichwani. Wamebaki katika jina la soko, na soko lenyewe likajengwa upya na mtaalamu wetu Beda Amuli miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, na jina halikuungua.

Siku hizi malalamiko hayaandikwi sana kwa mhariri. Yarushwa kwenye simu, yasomwa na maelfu kwa saa moja, kisha yazikwa chini ya mengine. Hatujui mtu wa mwaka 2080 atayatafuta wapi, wala kama kutakuwa na muuza karanga wa kuyafungia. Lakini wale wa mwaka 1968 si wa mbali hivyo. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na minane kwenye kituo kile ana miaka sabini na kitu leo. Huenda ni yule bibi ambaye wajukuu humwona akishika rozari yake barazani Magomeni au Ilala, nao hawajapata kumuuliza alikuwa wapi Oktoba ile, wala alivaa nini siku hizo, wala ni nani aliyempa kanga. Barua za 1968 ziko maktabani, na kunakili moja si kazi kubwa. Mjukuu na amsomee polepole, kwa maana macho yake yamechoka, kisha anyamaze, amwache bibi aseme barua ile ilipokosea.